Nguzo, Mnara au Jiwe Simikwa? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Akiolojia

Mwanafunzi wa Lubumbashi akutanaye na neno la Kifaransa menhir aghalabu hulifasiri kwa "nguzo". Tafsiri hiyo ni ya haraka mno. Nguzo hubeba kitu: paa, daraja, hata dini, kwani twasema nguzo tano za Uislamu. Mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale hayabebi kitu. "Mnara" nao, huko pwani, umekwisha kushikamana na misikiti na makaburi kama yale ya Malindi, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Wapendao "menhiri" husahau kwamba Wabretoni waliunganisha tu maneno yao ya kila siku, men, yaani jiwe, na hir, yaani refu.

Tuchukue mfano wa Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, nchini Kenya. Waturkana hupaita mahali hapo Namoratunga, watu wa mawe. Husimulia kuwa wachezaji ngoma waligeuzwa mawe kwa kumcheka pepo mbaya. Mwaka 1978 Lynch na Robbins walidai kuwa mawe 19 ya hapo yalipangwa kufuata nyota, kama kalenda. Mwaka 1982 Soper aliyapima upya akautilia shaka ulinganifu huo. Utafiti wa Lothagam Kaskazini, mahali pa namna hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walizika hapo watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580, wake kwa waume, wazee na watoto, pasipo dalili ya kuwatenga wakubwa na wadogo. (Wasimulizi wa Kiturkana, waliosema "watu", hawakuwa mbali sana.)

Basi istilahi yetu na ihifadhi mkono wa mtu. "Mawe ya kusimama" huufuta, kana kwamba yaliinuka yenyewe. Kiswahili kina kitenzi kusimika: husimikwa mlingoti, husimikwa pia chifu. Kwa kufuata "lugha lengwa" na "fasihi pendwa", napendekeza "jiwe simikwa", wingi "mawe simikwa".

Yawezekana kupinga kwamba hapa mjini watu husema libwe, na kusimika hulisikia kuwa neno la vitabuni. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini asemaye "libwe lililosimamishwa" ameutaja mkono uleule. Asemaye "nguzo" hakuutaja.