Kikapu Kisichodanganya

Tarakimu peke yake haina mshiko. Mwambie mvuvi wa Dunga, ufuo wa Kisumu, kwamba Mei 2020 kimo cha Ziwa Victoria, kwa kipimo cha Jinja nchini Uganda, kilifika mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964; atakuitikia kwa adabu, kisha aendelee kushona wavu wake. Yeye aliyaona maji yakipanda ufuoni. Anayeihitaji tarakimu ile ni mjukuu wake, atakayezaliwa maji yamesharudi na hadithi imeshapoa. Ndiyo maana nawavulia kofia wasanii wanaochukua vipimo vya wanasayansi na kuvipa umbo la kushikika.

Nathalie Miebach wa Boston, Marekani, ni mmoja wao. Hukusanya vipimo vya joto, upepo, mgandamizo wa hewa na mawimbi, kisha huvisuka kwa henzerani. Ubavu wa kikapu unaweza kuwakilisha saa moja ya siku, na uzi unaoupitia ukapanda au kushuka kufuata kipimo. Umbo halichagui yeye. Tarakimu zikivuta, henzerani hupinda, zikizidi, huvunjika. Vipimo hivyo hivyo huvigeuza pia kuwa muziki na kuwakabidhi wapigaji, ili dhoruba ionekane na isikike.

Huku kwetu tulioneshwa njia nyingine Machi 2021, jahazi la Flipflopi lilipong'oa nanga Kisumu kwenda Uganda na Tanzania. Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, aliliunda na wenzake kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa patipati zipatazo 30,000. Takwimu za taka zimejaa kwenye ripoti. Hapa zilikuja na tanga, na mtoto wa ufuoni akaweza kuitambua patipati kama yake.

Kisumu yenyewe haikosi kitu. Vipimo vya kimo cha ziwa vimeandikwa tangu 1896. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo mjini humu. Wasusi nao wapo: hukata gugumaji, huanika mabua mpaka yawe ya kahawia, huyasokota kamba na kuizungusha kwenye fremu za viti na vikapu. Ni gugu lile lile lililofunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa unaofika Kisumu, mwaka 1998.

Sasa tuseme msusi mmoja aanze kikapu mwaka 1896, mzunguko mmoja kwa kila mwaka, upana ukifuata kimo cha ziwa. Kwa miongo sita kinapanda bila makuu, kikitanuka kidogo na kubana kidogo. Akifika 1961 kinatuna ghafla, kwa kuwa mvua za miaka ile zililiinua ziwa kama mita mbili na nusu kufikia 1964. Mwaka 2006 kinabanwa: ukame, pamoja na maji mengi yaliyoachiliwa kwenye mabwawa ya Jinja, vililishusha ziwa. Mwaka 2020 kinatuna tena.

Hapo ndipo ufundi unapopimwa. Mkono wa msusi umezoea kusawazisha, maana kikapu chenye matumbo mawili hakinunuliki haraka. Kukaza kamba kidogo tu kwenye mzunguko wa 1962 kungekipendezesha, na hapo hapo kingekuwa kimesema uongo. Naisifu sanaa hii kwa ukaidi wake wa kukataa kukaza.

Picha ya machweo juu ya ziwa humpendeza kila mtu na haimsumbui yeyote. Kikapu kilichosukwa kwa vipimo humvuta mtu asogee karibu, apitishe kidole, aulize: mbona hapa kimefura? Na akiwa ni mtu aliyekwisha kununua matofali ya kujenga mita chache kutoka majini, swali hilo litamfaa kuliko ripoti nzima ambayo asingeifungua.