Watu Walio Hai Katika Makumbusho: Kutazamwa na Kujibu

Makumbusho yanayotaka kuwavuta vijana kwenye historia hupenda kutumia watu walio hai: mwigizaji huvaa nguo za kale, hushika zana za kale, na kunena kana kwamba wakati ule haujapita. Mbinu hii husifiwa sana. Kwa Mkongo, hata hivyo, sifa hiyo haipokelewi bila kusita. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, Ubelgiji, wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza mbele ya watazamaji zaidi ya milioni moja. Saba kati yao walifariki huko. Watu walikuwa hai, lakini historia haikuwapo: aliyetazamwa hakuulizwa kitu, wala hakupewa nafasi ya kujibu.

Kasoro, basi, haiko katika uhai wa anayeonyeshwa, bali katika unyamavu wake. Jambo hili lilidhihirika huko Williamsburg, Marekani, tarehe 10 Oktoba 1994, waigizaji weusi wa makumbusho ya mji huo wa kale walipoigiza mnada wa watumwa. Vyama vya kutetea haki vilipinga, vikihofu kwamba uchungu wa wahenga ungegeuzwa burudani. Walakini igizo lilikuwa mikononi mwa wenyewe, chini ya Christy Coleman, ambaye aliigiza mmoja wa waliouzwa. Na mmoja wa wapinzani, baada ya kulitazama, alibadili kauli yake.

Lubumbashi haikosi mtaji wa namna hiyo. Kundi la Mufwankolo lilizoea kuigiza kwa Kiswahili cha mji bila matini iliyoandikwa, kila mchezaji akijitungia maneno yake. Na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa chuo kikuu mwaka 2000, umekusanya kumbukumbu za wakaaji. Kinachopungua ni kuviunganisha viwili hivi mbele ya vijana.

Uchukuliwe mfano wa mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941. Kijana anayeinakili tarehe hiyo ubaoni huisahau baada ya mtihani. Lau angesimama katika mstari wa posho, akamsikia mfanyakazi akinung'unikia mshahara wake, na mkewe akiuliza watoto watakula nini, angekuwa na la kuuliza. (Vazi safi mno la mtu wa mgodi ni uongo wa kwanza wa maonyesho mengi.) Lakini ufyatuaji wa risasi wa tarehe 9, ambao ulimwua Léonard Mpoyi na wenzake wengi, usiigizwe. Mlio wa baruti huwasisimua watazamaji na kuwaondolea fikira. Yafaa zaidi igizo liruke hadi siku ya pili, wahusika wawili wakihesabu wafu: karani akitaja hesabu ya serikali, mama wa kambini akitaja hesabu kubwa kuliko hiyo, na kijana mwenyewe aachwe awaulize wote wawili kwa nini hesabu zao hazilingani.