Kuunga si Kuchanganya: Msamiati wa Mhakiki na Kazi ya El Anatsui

Katika uhakiki wetu wa sanaa liko neno moja ambalo, kwa maoni yangu, linatupotosha. Mwanafunzi wa sanaa anapoleta kazi iliyofanywa kwa ubao, waya, nguo na bati, huambiwa kwamba ametenda 'sanaa ya mchanganyiko'. Mhakiki akishatamka hivyo huorodhesha vitu vilivyotumika, kisha huvuka upesi kwenda kwenye maudhui. Neno hilo ni tafsiri ya maandishi yanayobandikwa kando ya kazi za sanaa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na kwa kuwa limefasiriwa bila kupimwa, limetuletea dhana yenye kasoro. Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, kuunga si kuchanganya, na katika kazi ya namna hiyo maana hukaa hasa kwenye kiungo. Pili, Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kukieleza kiungo hicho, ila tumewaachia mafundi kana kwamba hautuhusu. Kielelezo changu ni kazi ya El Anatsui, mchongaji wa Ghana, tangu siku zake za uanafunzi mjini Kumasi.

Tuanze na lugha yenyewe. Kuchanganya ni kutia vitu pamoja hata kila kimoja kipotee ndani ya kingine, kama vile maziwa na maji, au mchanga na saruji. Kuunga ni jambo jingine. Mifupa inayokutana gotini imeungana, lakini kila mmoja hubaki mfupa kamili, na mwendo wa mtu hutegemea mahali pale panapokutana. Baharia aliyeunga kamba iliyokatika anajua fundo liko wapi, naye hulikagua kabla ya kutweka tanga, kwani kamba hukatikia pembamba.

Tena kuunga kuna aina zake. Kushona ni kuunga kwa kitu cha tatu, uzi au kamba, ambacho hakikuwa mali ya upande wowote. Kufuma ni kupitanisha nyuzi hata zenyewe ziwe nguo. Kupachika ni kuchimba mwili wa kitu kimoja ili kingine kipate makao ndani yake. Na ikiwa kinachotiwa ni fedha au shaba, fundi husema ametia njumu. Kubandika ni kuweka juu ya uso tu, na kilichobandikwa hubanduka. Haya si maneno ya mapambo. Kila neno lataja uhusiano tofauti baina ya kitu na kitu.

Mafundi wa pwani waliujua uhusiano huo kwa vitendo. Mbao za mtepe wa visiwa vya Lamu zilishonwa kwa kamba ya makumbi pasipo misumari ya chuma. Desturi hiyo ni ya kale sana: mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani yapata karne ya kwanza wataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na waeleza kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo hivyo. Katika kiti cha enzi, fundi aliunga mti mweusi, vipande vya pembe vilivyopachikwa, na nyuzi zilizosukwa katika nafasi za fremu. Hakuna dalili kwamba alitaka kuvificha viungo hivyo. Huko ndiko ustadi wake ulikoonekana. Isitoshe, lugha haikuishia kwa mafundi wa mbao. Kitenzi tunachokitumia kwa mshairi ndicho tunachokitumia kwa mwenye shanga: wote wawili hutunga.

Sasa tumwangalie mwanafunzi wetu. Anatsui alizaliwa Anyako mwaka wa 1944, katika jamii ya Waewe, na katika familia yao kente ilifumwa. Yafaa ikumbukwe kwamba kente yenyewe ni kazi ya kuunga mara mbili: hufumwa vipande vyembamba virefu, kisha vipande hivyo hushonwa ubavu kwa ubavu hata vikawa nguo pana. Hata hivyo, alipoingia chuo kikuu cha Kumasi katika miaka ya 1960 kusomea uchongaji, mafunzo aliyoyakuta yalifuata mapokeo ya Ulaya. Ufumaji, uchongaji wa ngoma na upigaji chapa wa nguo za adinkra havikuwa msingi wa masomo hayo. Ili kuviona, ilimbidi atoke aende katika kituo cha utamaduni cha mji huohuo na kuwatazama mafundi wakifanya kazi.

Matunda ya kwanza ya kutoka huko yalikuwa masinia ya mbao, ya aina ile ambayo wachuuzi hupangia bidhaa sokoni. Aliyachoma kwa chuma cha moto na kuyatia alama zilizotokana na adinkra. Kazi hizi husifiwa kwa kuwa zilirejea katika mambo ya nyumbani. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni sifa ya nia. Tukiyapima masinia hayo kwa kiungo, twaona kwamba soko na alama bado havijaungana sawasawa. Moto umeingia katika mti, ndiyo, lakini maana ya alama imebaki kama kitu kilichobandikwa ukingoni. Mtazamaji aweza kuiondoa alama moja akilini mwake akaweka nyingine, na sinia lisitikisike. Mwanafunzi amekwisha kuvipata vitu vyake; bado hajapata namna ya kuviunga.

Mwaka wa 1975 Anatsui alihamia Nsukka, Nigeria, kufundisha chuo kikuu. Huko alifanya mfululizo wa kazi za udongo kuhusu vyungu vilivyovunjika, na baadaye mbao nyembamba zilizopangwa ubavu kwa ubavu na kukatwa kwa msumeno wa mashine. Hatua hii ya pili ni muhimu kwa hoja yetu. Mbao hizo ziliweza kupangwa upya: zilikaa pamoja kama jamaa, ila hazikufungwa. Kiungo kimeanza kuwa swali ndani ya kazi yenyewe.

Jibu lilipatikana mwaka wa 1998, alipookota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe. Vizibo na mikanda ya bati laini ya shingo za chupa hubanjuliwa, hukunjwa au husokotwa, hutobolewa pembeni, na huungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba hata kikatokea kitu mfano wa nguo kubwa. Mojawapo ya kazi za awali za namna hii, ambayo jina lake maana yake ni 'Nguo ya Mwanamume', imo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kente ya dhahabu. Ukikaribia utayasoma majina ya pombe.

Wahakiki wengi huishia hapo: takataka zimegeuzwa kuwa fahari. Kauli hiyo si ya uongo, lakini inasema habari za vizibo na kunyamaza juu ya waya. Ikiwa jambo lote lingekuwa takataka kugeuka fahari, vizibo vingeweza kugundishwa juu ya ubao, na bado tungekuwa na rangi zilezile. Jambo gani basi lingepotea? Lingepotea jambo kuu. Waya wa shaba hulegea. Kwa sababu ya ulegevu huo bati, ambalo kwa asili ni gumu, limepata tabia ya nguo: hukunjika, hulala, huning'inia. Kazi haina umbo moja la mwisho. Anayeitundika hupanga mikunjo yake, na ikitundikwa mahali pengine hupata sura nyingine. Tabia hii haimo katika kizibo wala haimo katika waya. Imo katika kiungo.

Na hapo ndipo historia inapoingia. Pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta pwani ya Afrika Magharibi katika biashara iliyokuwa pia biashara ya watumwa. Mikanda ile ya bati ni masalia ya uhusiano huo baina ya mabara. Mchongaji angeweza kuuchanganya uhusiano huo, yaani kuuyeyusha kuwa kitu kimoja kizuri kisicho na kumbukumbu. Hakufanya hivyo. Ameshona. Kila kipande kimebaki na jina lake na tundu lake. Kimeshikamana na jirani yake kwa kitu cha tatu, na kushikamana huko kwaweza kutenguliwa. Mtu akisema kwamba kazi hii 'inachanganya Afrika na Ulaya' amesema kinyume cha kile ambacho kazi inakisema.

Lipo pingamizi la haki. Yaweza kudaiwa kwamba hoja hii inalikuza jambo la ufundi na kulisahau wazo. Pingamizi hili linategemea ule mfano wetu uliozoeleka wa kikombe na chai: fani ni chombo, maudhui ni kinachotiwa ndani. Lakini katika 'Nguo ya Mwanamume' hakuna kikombe unachoweza kukimwaga ukabaki na chai. Kiungo ni fani, kwani ni namna ya kutenda. Tena ni maudhui, kwani ndicho kinachoeleza jinsi watu na vitu walivyofungamana. Ukikiacha kiungo umeacha vyote viwili.

Kuna pia upungufu wa kutajwa. Kazi hizi hufanywa kwa mikono ya wasaidizi wengi, ambao Anatsui mwenyewe hawafichi. Hata hivyo, hutembea duniani kwa jina moja. Ikiwa maana iko kwenye kiungo, basi waliokaa wakiunga ni sehemu ya utungaji, na uhakiki unaowaita vibarua tu umerudisha ule ukuta baina ya sanaa na ufundi ambao mwanafunzi wa Kumasi alilazimika kuuvuka.

Hoja hii ina matokeo katika kazi yetu ya ualimu. Mwanafunzi aliyeunga nguo na chuma hastahili kupewa alama kwa wingi wa vitu alivyovikusanya, wala kwa uzito wa maelezo aliyoyaandika pembeni. Yafaa aulizwe: umeshona, umefuma, umepachika, au umebandika? Kwa nini kwa namna hiyo na si kwa nyingine? Kiungo kikikatwa, ni maana gani inayopotea? Asiyeweza kujibu bado anakusanya. Lakini hatuwezi kumwuliza maswali hayo ikiwa sisi wenyewe hatuna ila neno 'mchanganyiko'. Kwa hiyo idara za lugha zina wajibu hapa kabla ya idara za sanaa: kwenda kwa maseremala, wafumaji, masonara na washonaji, kuyasanifu maneno yao kwa fasili zilizo wazi, na kuyaingiza katika istilahi za uhakiki. Mafundi hao wazee wanapungua, na neno lisilotumika darasani wala karakanani halidumu.