Mchicha Una Haraka, Sukuma Wiki Haina

Mbegu ya mchicha ni ndogo kiasi kwamba gramu moja hubeba zaidi ya mbegu 1,000. Mkulima mzoefu haimwagi peke yake. Huchanganya kijiko cha mbegu na konzi kadhaa za mchanga mkavu, akanyunyiza tutani mkono ukienda kwa mwendo mmoja, kisha akafukia kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa ukucha. Udongo ukiwa na joto na unyevu, miche huchomoza ndani ya siku tatu hadi tano. Wiki ya nne haijaisha, mboga imeng'olewa na mizizi yake, imeoshwa na kufungwa mafungu. Sukuma wiki iliyopandwa siku hiyohiyo ingali kitaluni, ina majani manne au matano, ikingoja kuhamishiwa shambani.

Wengi huona hapo tofauti ya mwendo tu: moja inawahi, nyingine inachelewa. Kiini cha jambo ni maua. Ukijua kila mmea unachanua lini na kwa nini, utaelewa nafasi ya kupandia, mbolea, wadudu, hata namna ya kuvuna.

Mchicha ni mmea wa msimu mmoja, na lengo lake ni mbegu. Aina nyingi huchochewa kuchanua na siku fupi. Karibu na ikweta, ambako mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, kichocheo hicho hakikosekani. Ukiongeza kiu, mmea hukimbilia maua mapema zaidi: majani mapya yanatoka madogo, shina linakuwa gumu, na mboga inapoteza ladha. Ndiyo maana wanaochagua mbegu ya mchicha wa majani huthamini sana mmea unaochelewa kuchanua. Kwa upande wa mbegu, Kituo cha Mboga cha Dunia chenye kazi zake Arusha kimeshiriki kuleta kwa wakulima wa Tanzania aina kama Madiira 1 na Madiira 2.

Sukuma wiki inatoka katika ukoo wa kabichi, na asili ya ukoo huo ni pande za Mediterania na Ulaya ya magharibi. Kule mmea huota, hupita kwenye majira ya baridi, kisha huchanua. Ili ichanue inahitaji wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi joto 10 au chini. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki baridi hiyo haifiki, kwa hiyo mmea unaendelea kutoa majani mwezi baada ya mwezi, shina likirefuka na kubaki na makovu ya majani yaliyochumwa. Neema yote ya sukuma wiki jikoni inatokana na kukosa kwake baridi.

Neema hiyo ina gharama, nayo ni mbegu. Mmea usiochanua hauzai. Mchicha mmoja ulioachwa pembeni ya tuta hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, zinazomtosha mwenye bustani na majirani zake. Mbegu ya sukuma wiki mara nyingi hununuliwa dukani, isipokuwa kwenye maeneo ya juu yenye baridi kama Kinale, kaunti ya Kiambu, ambako wakulima wamejitunzia mbegu yao wenyewe. Wengine hupanda machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina la zamani. Ni njia rahisi, ila hubeba na magonjwa ya mama yake, hasa ule uozo mweusi unaoanzia ukingoni mwa jani kwa umbo la V la manjano.

Kuhusu joto, hakuna ubishi. Mchicha umejaliwa njia ya kutengeneza chakula inayofanana na ile ya mahindi na miwa, inayotumia vizuri jua kali na maji machache. Nyuzi 30 za Dar es Salaam zinaufaa. Baridi ya Limuru mwezi Julai inaudumaza. Sukuma wiki inapenda nyuzi 15 hadi 20 na kidogo juu yake. Pwani inaota, lakini majani yake huwa madogo, magumu na yenye uchungu. Mwenye shamba Tanga anayeng'ang'ania sukuma wiki wakati mchicha unamwomba nafasi anajitesa bure.

Nafasi nayo inafuata saa ya mmea. Mchicha wa kung'olewa husongamanishwa, kwa kuwa utaondoka kabla haujabanana. Sukuma wiki hupewa sentimita 45 hadi 60 kati ya shina na shina, kwa sababu itakaa. Kukaa huko ndiko kulikoifanya ifae kwenye bustani za magunia za Kibera na Mathare, jijini Nairobi, ambazo shirika la Solidarités International lilizieneza kuanzia mwaka 2008. Mkebe usio na kitako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe, udongo wenye samadi ukamwagwa pembeni, mkebe ukavutwa juu na kujazwa tena, hadi nguzo ya mawe ikafika mdomoni mwa gunia. Maji hupenya katikati, na miche ya sukuma wiki huchomekwa kwenye matundu ubavuni. Mmea mmoja kwenye tundu moja, majani kwa miezi mingi. Mchicha usingelipa kazi hiyo, kwani kila mwezi tundu lingebaki tupu.

Lakini anayekaa muda mrefu mahali pamoja hutafutwa na maadui. Geuza jani la sukuma wiki utazame chini yake. Ukiona vidirisha vyembamba, ngozi ya juu ya jani imebaki na nyama imeliwa, tafuta kiwavi mdogo wa kijani. Ukimgusa atajinyonganyonga na kujiangusha akining'inia kwa uzi. Huyo ni mtoto wa nondo wa kabichi, mmoja wa wadudu sugu kuliko wote duniani. Mwaka 1953, kisiwani Java, iliripotiwa kwamba ameishinda DDT, na tangu hapo ameshinda dawa nyingi zilizofuata. Kuna tatizo jingine lisilosemwa vya kutosha: dawa nyingi zinadai siku kadhaa za kusubiri kabla ya kuvuna, na sukuma wiki huchumwa kila wiki, pengine mara mbili. Mlaji ndiye anayebeba hesabu hiyo ikikosewa.

Njia bora zaidi iliwahi kuonyeshwa Kenya. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo mweusi aitwaye Diadegma semiclausum, anayetaga yai ndani ya kiwavi huyo na kumuua. Mwaka 2002 aliachiwa Werugha kwenye milima ya Taita, kisha Tharuni upande wa Limuru. Nyigu alistawi, na nondo wakapungua. Anapenda baridi ya milimani, na dawa zinazoua kila kitu humwangamiza yeye kwanza.

Mchicha una viwavi wanaokunja majani kwa utando, na mvua nyingi huuletea vipele vyeupe chini ya jani. Dawa yake ya kwanza ni kung'oa mapema na kuhama tuta.

Jikoni mizani inageuka kidogo. Mchicha una chuma, kalisi na malighafi ya vitamini A, lakini pia una oksaleti inayofunga sehemu ya kalisi hiyo. Kuuchemsha na kumwaga maji hupunguza oksaleti. Kisha nazi au karanga huufanya uteleze, na mafuta yake husaidia mwili kufyonza vitamini A. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo sana. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Heaney na Weaver, walipima keli, ndugu wa spishi moja na sukuma wiki, wakakuta mwili unafyonza takriban asilimia 41 ya kalisi yake, dhidi ya asilimia 32 ya maziwa. Kwa hiyo isichemshwe na kumwagwa maji. Ikatwe nyembamba na kukaangwa upesi kwa kitunguu na nyanya, vitamini C isiishie mvukeni.

Penye hali ya hewa ya kati, kama miteremko ya Meru huko Arusha, hakuna haja ya kuchagua. Sukuma wiki ikishahamishwa, ardhi kati ya mistari hubaki wazi kwa karibu mwezi mzima. Mbegu ya mchicha inyunyizwe hapo siku hiyohiyo, kwa mstari mmoja mwembamba, mbali na shina. Wiki ya nne ung'olewe wote, hata ule mdogo, kwa sababu ukiachwa unapita kimo cha sukuma wiki na kuifunika. Siku hiyo samadi iliyooza au mbolea ya kukuzia iwekwe pembeni mwa kila shina, maana mchicha umeshachota naitrojeni nyingi, na majani ya kwanza ya kuchuma yanakaribia.