Nyonga Haidanganyi

Jioni za Julai hapa Namanyere zina baridi ya kuuma, na upepo wa Ufipa hauna simile. Uwanjani vijana walikuwa wakiukimbilia mpira wote kwa pamoja, kama nyuki waliochokozwa. Mmoja tu, peku, alibaki nyuma. Mshambuliaji akamjia na madoido yake, mguu huku, mguu kule. Kijana hakumrukia. Alirudi hatua moja, akarudi ya pili, akamsukumia pembeni bila kumgusa, kisha akanyoosha mguu mara moja tu. Mpira ukawa wake. Hakuna aliyempigia makofi. Muda si mrefu mwingine akapiga shuti lililopaa juu ya goli, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Nilimkumbuka mwalimu wetu wa michezo wa shule ya msingi. Alipotufundisha ubeki, wiki mbili nzima hatukugusa mpira. Alitupanga wawili wawili, mikono nyuma, mmoja akimbie atakavyo na mwenzake amfuate uso kwa uso. “Tazameni nyonga,” alisema. “Macho hudanganya, mguu hudanganya, mpira wenyewe hudanganya. Nyonga haidanganyi.” Tukimaliza, aliinama na kusoma vumbi. Alipokuta alama ya kisigino imezama, aliigusa kwa fimbo na kumwita mwenye nyayo: “Mwanangu, hapa ulishapitwa.” Beki husimama juu ya vidole, akikalia visigino, amekwisha. Hadi leo nikipita penye vumbi, macho yangu hutafuta visigino.

Wazee wa Ufipa wangemwelewa mwalimu yule. Walipofua chuma, kwanza waliyeyusha mawe katika ilungu, tanuri la udongo lililompita mtu kwa kimo. Kilichotoka humo kilikuwa bado kibichi. Kilirudishwa motoni katika kintengwe, tanuri dogo, ndipo mhunzi akakipokea. Jembe halikutoka tanuri moja.

Beki Dickson Job naye amepikwa mara mbili. Alilelewa katika timu ya vijana ya Mtibwa Sugar, kule kwenye mashamba ya miwa ya Turiani. Mwaka 2017 alikuwa nahodha wa Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon. Wengi wanakumbuka kwamba tuliifunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0, tukarudi nyumbani. Mimi naikumbuka mechi ya kwanza, sare ya bila kufungana na Mali, ambao ndio waliolibeba kombe. Dakika 90 watoto wetu waliwanyima mabingwa bao. Kwa beki, sifuri ile ni pambo.

Akapanda timu ya wakubwa ya Mtibwa, na Januari 2021 akachukuliwa na Yanga. Si mrefu, na watu humtaka beki wa kati awe mlingoti. Kimo alichopungukiwa hukifidia kwa kufika mapema. Juni 2023 Yanga ilishinda 1-0 Algiers katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, lakini mabao mawili iliyofungwa Dar es Salaam yakaipa USM Alger kombe. Hivyo ndivyo ubeki ulivyo: unaweza kutoka ugenini hujafungwa, na bado ukarudi mikono mitupu.

Mkoa wetu nao unao ushahidi. Oktoba 2020 Tanzania Prisons iliifunga Simba 1-0 katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Bao husimuliwa mpaka leo. Walioulinda ushindi ule hadi kipenga cha mwisho hawatajwi.

Ndiyo maana moyo unaniuma. Watoto wetu siku hizi hujifunza mpira kwenye simu, vipande vya sekunde chache vya chenga na mabao, na wanajua namna ya kushangilia kabla ya kujua namna ya kusimama. Beki hana kipande cha kuonyesha, maana kazi yake njema ni jambo ambalo halikutokea. Kijana mwenye kipaji hapa atang'ara UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, pengine na UMISSETA ya sekondari, kisha atarudi kulima mahindi. Ilungu tunalo, kintengwe chetu kiko wapi? Malungu yenyewe ya mababu yanabomoka porini, na mvua inayarudisha kuwa udongo.

Giza lilipoanza kuingia na vijana kutawanyika, nilikwenda pale kijana yule alipomsubiri mshambuliaji wake, nikainama kama alivyokuwa akiinama mwalimu. Vidole vitano vya mguu wa kulia, vidole vitano vya kushoto. Kisigino hakikuwepo. Nilitaka kumwita nimwonyeshe, lakini alikwisha kwenda, na upepo ulikuwa umeanza kuzifuta nyayo zake.