Kinyago hakina kosa: adabu na kujigeuza sura kwenye magemu ya mtandaoni

Kila matusi yanapozidi mtandaoni, kuna dawa moja hutajwa haraka: watu wanyang'anywe majina ya bandia. Kila mtu aandike kwa jina la kitambulisho chake, eti adabu itarudi yenyewe. Hoja hii ina mvuto. Jambazi hufunika uso, si ndiyo? Basi ukimfunua uso, umemaliza ujambazi.

Leo, msomaji wetu, hebu tuipime hoja hiyo mahali ambapo kila mtu amevaa kinyago, mwema kwa mbaya: magemu ya kuigiza uhusika. Kama hujawahi kuyacheza, usijali. Ni dunia ya kubuni ambamo maelfu ya watu huingia kwa pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake: mganga, mwindaji, askari, mwizi. Hakuna anayetumia jina lake halisi. Kama kinyago ndicho kinacholeta ujeuri, hapa ndipo tungetegemea kukuta ujeuri mtupu. Tunachokikuta kimechanganyika, na huo mchanganyiko una somo.

Anza na World of Warcraft, gemu lililotoka mwaka 2004. Baadhi ya seva zake zimetengwa kwa ajili ya wanaopenda kuigiza kwa dhati, yaani wanaozungumza na kutenda kama wahusika wao. Tuseme mchezaji mmoja anaigiza jasusi. Anabadili mavazi, anajifunika kofia, anaingia kilabuni na kujitambulisha kuwa mfanyabiashara wa ngozi kutoka mbali. Tatizo ni kwamba jina la mhusika wake linaelea juu ya kichwa, na kila aliyemo humo anaweza kulisoma. Kwa upande wa kompyuta, kujigeuza kwake kumeshafeli kabla hajavuta kiti.

Lakini wachezaji wastaarabu hawamwiti kwa jina lile. Wanamuuliza bei ya ngozi. Wanajifanya hawajui wanachokijua. Atakayeropoka "wewe si fulani?" wakati mhusika wake hana njia yoyote ya kujua, ataonekana mshamba, na wenzake watamwambia.

Hiyo ni kanuni ya kwanza ya adabu ya uigizaji: unachokijua wewe uliyekaa mbele ya skrini si lazima mhusika wako akijue. Kanuni ya pili inahusu mwili wa mwenzako. Huandiki "anamvua kofia", unaandika "anajaribu kumvua kofia", kisha unamwachia mwenye kofia aseme kama imetoka. Ya tatu ni ya kuomba ruhusa. Ukitaka jambo zito litokee, unatoka kwanza kwenye uigizaji, unaandika ndani ya mabano mawilimawili ili ijulikane kwamba sasa anaongea mchezaji, si mhusika, halafu unauliza: hili ni sawa kwako?

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili: kusitiri. Stara ni kifuniko, na stara hiyo hiyo ni heshima. Mtu hujisitiri kwa nguo, lakini pia husitiriwa na wenzake wanapoona jambo na kulinyamazia. Jasusi wetu pale kilabuni amesitiriwa. Kinyago chake hakikutengenezwa na kampuni ya gemu. Kimeshikiliwa na watu walioamua kutokisoma kilichoandikwa juu ya kichwa chake.

Ultima Online, la mwaka 1997, lilichukua njia nyingine. Humo kujigeuza ni kazi ya mashine. Kuna sihiri ya kukubadilishia jina na sura kwa muda, na wezi walio kwenye chama chao wana kisanduku cha vifaa vya kujigeuza. Ukivitumia, wengine wanaona jina jipya, basi. Kiufundi ni suluhisho safi kabisa, halihitaji ustaarabu wa mtu yeyote. Kasoro yake ndiyo hiyo hiyo: kwa kuwa halihitaji ustaarabu, haliujengi. Anayeibiwa na mtu wa namna hii hakushiriki mchezo wa jasusi. Yeye ni mawindo tu.

Sasa tugeukie sayansi, kwa sababu wanaotaka vinyago vivuliwe hupenda kuitaja.

Utafiti unaotajwa sana ni makala ya mwanasaikolojia John Suler ya mwaka 2004, kuhusu jinsi watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni. Wengi huinukuu kana kwamba ilisema: kutojulikana huleta matusi. Suler aliorodhesha sababu 6, na kutojulikana ni moja tu kati ya hizo. Nyingine ni kutoonana uso kwa uso, kutojibiwa papo hapo, na hisia kwamba hakuna mkubwa anayesimamia. Pia alisema wazi kwamba kulegea kwa breki kuna sura mbili. Mmoja hutukana, mwingine hufungua moyo au humsaidia mgeni kwa ukarimu ambao mitaani angeuonea haya. Anayenukuu sura moja tu amesoma nusu ya makala.

Kuna jaribio jingine la zamani tunalolipenda sana hapa. Mwaka 1976, Edward Diener na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika usiku wa Halloween huko Seattle, Marekani, katika nyumba 27. Usiku huo watoto huvaa mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Zaidi ya watoto 1,300 waliangaliwa kwa siri. Mwenyeji aliwaambia wachukue peremende moja moja, kisha akaondoka. Baadhi yao walikuwa wameulizwa kwanza majina yao na wanakoishi, wengine hawakuulizwa.

Walioulizwa majina na waliokuja peke yao, asilimia 7.5 waliiba. Wasioulizwa na waliokuja kwa kundi, asilimia 57.2. Watu huishia hapo na kusema: unaona? Lakini tazama namba mbili za katikati. Wasiojulikana waliokuja peke yao, asilimia 21.4. Waliotaja majina lakini wakaja na kundi, asilimia 20.8. Karibu sawa! Yaani kuwa na kundi nyuma yako kulivuta mkono kwenye bakuli sawasawa na kuficha jina. Na kumbuka jambo ambalo ni rahisi kulisahau: hii ni Halloween, mavazi ya kujigeuza yalikuwa ya pande zote, ya wezi na ya waaminifu. Tofauti ilikuwa kama kuna mtu aliyejua pa kuwapata kesho, na wako na nani.

Halafu kuna swali la kinyago chenyewe ni cha nani. Mwaka 1979, Robert Johnson na Leslie Downing waliwavalisha washiriki mavazi ya aina mbili. Wengine walivaa majoho yanayofanana na ya Ku Klux Klan, lile kundi la kibaguzi la Marekani. Wengine walivaa sare za wauguzi. Kila mmoja alipewa nafasi ya kuongeza au kupunguza shoti ya umeme kwa mtu asiyemjua (shoti zenyewe hazikuwa za kweli, ila washiriki hawakujua). Wenye majoho walielekea kuongeza. Wenye sare za uuguzi walielekea kupunguza, na walipokuwa hawajulikani kwa majina, upole wao ulizidi. Ukimficha mtu ndani ya vazi, hageuki mnyama. Anafuata kile ambacho vazi linamwambia.

Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha jambo la jamii hiyo hiyo mwaka 2007, safari hii kwa avata. Waliopewa avata ndefu walibana zaidi katika kugawana pesa. Waliopewa fupi walikuwa wepesi zaidi kukubali mgao usio wa haki. Kwa hiyo mbunifu anayechora wahusika hachori picha tu. Anagawa tabia pia.

Sasa turudi kwenye ujeuri wenyewe, maana upo, na una waathirika. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mwaka 1993, ndani ya LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu iliyoanzishwa na Pavel Curtis wa Xerox. Mwandishi Julian Dibbell alikisimulia katika gazeti la Village Voice. Mhusika aliyeitwa Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kwa jina la wahusika wa wengine. Kwa programu hiyo aliwaandikia, mbele za watu, vitendo vya ukatili wa kingono ambavyo wao hawakuvitaka. Mmoja wa walioumizwa alilia machozi halisi mbele ya kompyuta yake.

Angalia kosa liko wapi. Kila mtu pale alikuwa na jina la kubuni, pamoja na walioumizwa. Bungle hakukosea kwa kuvaa kinyago chake. Alikosea kwa kuvishika vinyago vya wengine na kuvichezesha. Alivunja kanuni ile ile ya kofia: mwili wa mwenzako auandike mwenyewe. Wachezaji walijadiliana kwa siku kadhaa, hawakufikia uamuzi wa pamoja, na mwisho msimamizi mmoja akamfuta. Baadaye mtu yule yule alirudi na mhusika mpya, Dr. Jest. Kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2001 watafiti Eric Friedman na Paul Resnick waliandika kuhusu gharama ya majina ya bei rahisi. Hoja yao kwa ufupi: kama mtu anaweza kutupa jina lililochafuka na kuokota jipya bure, basi kila mgeni atashukiwa, na wageni wema watalipa deni la wabaya. Moja ya dawa walizozijadili ni jina la bandia ambalo mtu hupewa moja tu na halibadilishi. Jina la mzazi wako halihitajiki. Kinachohitajika ni kwamba ukivunja adabu leo, kesho tukujue kuwa ni wewe yule yule.

Baadhi ya magemu yalishalielewa hili. Ultima Online lilihesabu mauaji, na muuaji sugu jina lake lilikuwa jekundu, walinzi wa mji wakamwua papo hapo akiingia. Final Fantasy XIV linatoa sifa badala ya adhabu: baada ya kazi ya pamoja na watu usiowajua, unaweza kumpongeza mmoja, na huruhusiwi kumpongeza rafiki uliyeingia naye. Kinyago kinabaki, kumbukumbu inabaki.

Linganisha na waliochagua kuvua. Julai 2010, kampuni ya Blizzard, wenye World of Warcraft, ilitangaza kwamba watakaoandika kwenye majukwaa yake ya majadiliano wataonyeshwa kwa majina yao halisi. Wachezaji walikasirika, na baada ya siku tatu hivi kampuni ikaghairi. Waliosema "kama huna baya unaogopa nini" hawakufikiria mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, wala kijana ambaye mwajiri wake hapendi magemu. Kwa watu hawa jina la bandia ni mlango wenye kitasa. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2007 sheria iliwataka watumiaji wa tovuti kubwa wathibitishe utambulisho wao, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta. Katikati ya hapo, mwaka 2011, wadukuzi waliiba taarifa za akaunti zipatazo milioni 35 kutoka tovuti za Nate na Cyworld. Ukikusanya majina ya watu wote ghalani, umemrahisishia mwizi kazi.

Tuwe wa haki, na upande tunaoutetea una mapengo yake. Kumbukumbu ya jina hufanya kazi ndani ya uzio wa gemu tu. Pongezi zinaweza kuwaendea wenye mdomo mtamu badala ya wenye mkono mwema. Adabu ya wazoefu nayo inaweza kugeuka geti la kumdhalilisha mgeni ambaye hakuna aliyemfundisha mabano mawilimawili. Na dhidi ya mtu aliyeamua kukuwinda nje ya mchezo, stara ya wenzako haitoshi. Hapo unahitaji msimamizi anayejibu haraka, na wakati mwingine polisi.

Lakini mapengo haya hayazibwi kwa kuwavua watu wote. Yale ya ndani ya gemu yanazibwa kwa wageni kufundishwa kanuni siku ya kwanza, kwa majina yasiyotupwa ovyo, na kwa vazi linalomkumbusha mtu kuwa muuguzi kabla halijamkumbusha kuwa mtesaji. Kwa hiyo utakapomsikia tena mtu akidai kwamba dawa ya matusi ni vitambulisho, muulize maswali mawili. Je, hapo mahali pana kumbukumbu? Je, wenyeji wake wanajua kusitiriana? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, majina halisi yatatupa matusi yale yale, safari hii yakiwa na anwani ya nyumbani.