Mtoto Asiyejibu

Katika fasihi yetu ya Kiswahili mzazi amesema na mwanawe kwa muda mrefu sana, na mtoto hajajibu. Hilo ndilo lalamiko langu, na nalitoa nikijua kwamba nagusa maandishi ambayo wengi wetu tulifundishwa kuyaheshimu kabla ya kufundishwa kuyasoma.

Tuanze na Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Utendi wake wa mwaka 1858 ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Anamwita aje karibu na wino na karatasi, kisha anamweleza wajibu wake kwa Mungu, kwa wazazi na kwa mume, pamoja na usafi wa mwili na nyumba. Watu wamegombana sana juu ya utendi huu: je, unamfunga mwanamke au unamfundisha njia ya kuishi na kupumua ndani ya kifungo? Ugomvi huo ni mzuri na wenye haki ya kuendelea. Mimi nashangaa jambo dogo zaidi. Binti anakuja na wino, anaketi, na tangu hapo hatumsikii. Hata kukohoa hakohoi. Ukifunga kitabu unamjua mama kwa sura na kwa sauti. Binti unamjua kama unavyoijua karatasi iliyoandikiwa.

Sheikh Shaaban Robert alifuata njia hiyo hiyo. Alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Alikuwa mtu aliyefiwa na mkewe Amina akiwa na watoto wa kulea, na mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo. Hapana shaka alikuwa na sababu ya kuweka maneno mahali ambapo yangebaki hata yeye asipokuwapo. Nasaha zake ni safi, lugha yake haina mfano. Lakini jiulize, msomaji: mtoto huyo alikuwa akicheka nini? Aliitaje maji? Alipokuwa hawezi bado kutamka jina la baba yake, alitamka nini badala yake? Mtu aliyeweza kuelezea karibu kila kitu chini ya jua kwa Kiswahili hakuona kwamba maneno hayo ya mtoto nayo ni Kiswahili.

Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wasia haumtazami mtoto aliyeketi mbele ya mwandishi. Unamtazama mtu mzima atakayekuja baadaye: mke wa kesho, raia wa kesho. Utenzi wa namna hiyo unachukulia kwamba mtoto atakua. Ni dhana ya heri, na wengi tumejaliwa itimie. Nyumbani kwetu hapa Kashaulili haikutimia kwa wote. Mtoto wetu wa tatu aliondoka na miaka minne, kwa malaria, katika masika. Nasaha nilizokuwa nimemwekea akiba hazikuwa na kazi tena. Kilichobaki ni maneno yake yeye, na ningalitaka kuyapima hapa kama tunavyopima maneno ya washairi, kwa sababu yanastahili.

Alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Baba, nijoo?" Mtu mzima husema "nije". Lakini yeye alikuwa amesikia watu wote wakimwambia "njoo", akaona kwamba hilo ndilo neno lenyewe, akaliweka kiambishi chake mbele kwa ustadi kabisa. Akiletewa kikombe cha pili alisema "vyai viwili". Alishajua chakula na vyakula, chumba na vyumba, chombo na vyombo. Nani angemzuia chai asiifanye vyai? Aliyetaka kumcheka akumbuke tulivyofanya sisi wenyewe na neno la Kiarabu *kitab*. Ile *ki* ilikuwa sehemu ya shina, nasi tukaifanya kiambishi, tukapata vitabu. Madereva wetu walipokutana na maneno ya Kiingereza "keep left" walipata kipilefti, na vikiwa viwili, vipilefti. Tofauti kati ya babu zetu na mtoto yule ni kwamba wao walikuwa wengi, hivyo kosa lao likaingia katika kamusi.

Kamusi zetu nazo nina neno nazo. Zinajua *dede*, pale mtoto anapojaribu kusimama bila kushikwa. Zinajua kwenda *tata*, zile hatua za kwanza za miguu iliyotanuka. Ni maneno mazuri mno, na yaonyesha kwamba waliosema lugha hii zamani walikuwa wakimtazama mtoto kwa makini. Ila waliitazama miguu. Kwa mdomo wake wametuachia *kitembe*, ambacho ni jina la kasoro.

Wenzetu wengine wamelifanya jambo hili kazi. Charles Darwin aliandika habari za mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1839, na mwaka 1877 akazitoa katika jarida la *Mind*. Humo tunaambiwa kwamba mtoto alipofikia mwaka mmoja alijitungia neno lake la chakula, *mum*. Mrusi Kornei Chukovsky alikusanya misemo ya watoto kwa miaka mingi, na wazazi wakamletea mingine kwa barua. Kitabu chake kilitoka kwanza mwaka 1928, na kikajulikana baadaye kwa jina la *Kutoka Miaka Miwili hadi Mitano*. Kina udhaifu wake: mwandishi anasifu mno, hata inaonekana kila mtoto ni bingwa wa lugha na hakuna anayesema la kuchosha, jambo ambalo mzazi yeyote aliyesafiri na mtoto kwa treni kutoka hapa Mpanda hadi Tabora atalikanusha. Lakini anamwacha mtoto aseme. Binti yake mdogo Mura, aliyekuwa mhusika katika mashairi na hadithi alizowatungia watoto, alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka kumi na mmoja. Nilipolijua hilo nilikisoma kitabu mara ya pili, na zile sifa za kupita kiasi hazikunikera tena kama mwanzo.

Kwa Kiswahili, aliyewasikiliza watoto kwa kitabu kizima ninayemjua ni Kamil Ud Deen, mtaalamu wa isimu. Alirekodi watoto wanne wa Nairobi na kuchapisha uchunguzi wake kwa Kiingereza mwaka 2005. Alionyesha jinsi watoto wanavyoangusha kiambishi cha mtendaji au cha wakati, wakabaki na "takula" kwa "nitakula". Ni kazi ya kisayansi, haikukusudiwa kumtoa mtu machozi, na mimi naishukuru zaidi kuliko tenzi nyingi. Huyu wetu alisema "takuja" kila alipoachwa nyumbani, na sasa najua kwamba alikuwa akifuata njia ambayo wenzake wa mbali nao waliipita.

Kuna usemi wake mmoja ambao hauna sarufi ya kuueleza. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, inaishia hapa mjini kwetu. Tulipompeleka stesheni aliutazama mwisho wake, akauliza kama reli imechoka. Nimesoma maelezo mengi juu ya mgodi ule na juu ya kufungwa kwake. Hakuna lililoeleza kwa ufupi namna hiyo.

Kaka yake sasa ana watoto wake. Nyumbani kwao, kama kwetu, vikombe vikiwa viwili ni vyai, na hakuna anayetabasamu anapolisema. Wageni kutoka Sumbawanga hudhani ni neno la Kibende, na Wabende hudhani tumelipata kwa Wafipa.